Ndege Niliowasikia Usingizini

Baada ya kupasuliwa moyo, kitu cha kwanza nilichopoteza ni mwisho wa sentensi. Mwanzo niliuona vizuri. Mtu aliniuliza, "Umemeza ile dawa nyeupe ya saa mbili, kabla ya chai au baada?" na mimi nikabaki na ile nyeupe, nikiigeuzageuza kichwani, nikaitazama rangi yake hadi nikasahau kwamba nilikuwa nimeulizwa swali.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kuchekesha. Kwangu liligusa unga wa nyumbani, riziki yenyewe. Mimi ni mkalimani wa mahakama. Kwa miaka ishirini na sita nimesimama kati ya shahidi na hakimu mjini Embu, nikipokea Kiembu, Kimbeere na Kimeru, nikitoa Kiswahili au Kiingereza. Mzee wa Mbeere hatui sentensi katikati ili amsubiri mkalimani. Anaanza na mbuzi, anapitia kwa shangazi yake, anarudi kwenye mpaka wa shamba, na wewe unatakiwa umbebe hivyo hivyo, mbuzi, shangazi na mpaka, umfikishe kwa hakimu bila kudondosha hata kwato. Nilikuwa na majivuno juu ya hilo, nakiri. Wenzangu waliandika kwenye karatasi. Mimi sikuandika.

Walinifungua kifua Nairobi, wakatoa valvu iliyochakaa, wakatia nyingine ya kutengenezwa. Tangu siku hiyo nina mlio ndani yangu. Nyumba ikitulia nasikia tik, tik, tik, na mke wangu huusikia pia kutoka upande wake wa kitanda. Anasema nimemzoeza vibaya, kwamba siku hizi akienda kwao Kibirichia hapati usingizi kwa sababu ya ukimya.

Madaktari walikuwa wametuonya. Walisema baadhi ya watu hutoka kwenye upasuaji wa namna ile na ukungu kichwani, na kwamba kwa wengi hupungua polepole. Ukungu ndilo neno walilotumia, na mimi ambaye kazi yangu ni kuchagua maneno sikuona la kurekebisha. Nyumba yetu ya mtaa wa Majimbo ina dirisha linaloangalia mparachichi wa jirani. Nilikaa mbele ya dirisha lile wiki nzima nzima, kifua kimefungwa, nikiangalia jani likitikisika. Siku hazikuwa na kingo. Nilinyanyua kikombe cha uji asubuhi, nikakitua, na tayari jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa ukuta. Wakati mwingine nilidhani mparachichi ule ni mti wa kahawa wa kijijini kwetu Kanja na kwamba mimi ni mtoto, nikasubiri kuitwa.

Kliniki iliniazima kompyuta ndogo ya kufanyia mazoezi ya ubongo nyumbani. Binti mmoja mtaalamu, mwenye subira ya kushangaza kwa mtu wa umri wake, alitufundisha mimi na mke wangu jinsi ya kuiwasha. Dakika arobaini kwa siku, siku tano kwa wiki. Kulikuwa na zoezi la ndege: wanatokea mmoja mmoja kwenye shamba la kijani, hapa na pale, kisha wanatoweka, na wewe unagusa mahali kila mmoja alipokuwa, kwa mpangilio ule ule. Ukipatia, kengele ndogo inalia. Kulikuwa na zoezi la taa, na la picha zilizofunikwa. La mwisho lilikuwa la maneno: sauti inakusomea orodha, nawe unairudia. Kompyuta yenyewe ilituma alama kliniki. Mwisho wa mazoezi, alama zile ndizo zingeamua kama nitaandikiwa barua ya kurudi kazini. Ofisini walikuwa wamenivumilia, lakini alikuwa amebaki mkalimani mmoja tu, na kesi zilikuwa zikiahirishwa kwa sababu yangu.

Nilifanya vibaya mno. Ndege watatu niliwapata. Wa nne aliondoka na wenzake wote. Siku moja nilipiga meza kwa kiganja hadi kifua kikaniuma, nikaifunga kompyuta nikiwa sijafika hata nusu, nikakaa pale machozi yakinitoka kwa hasira. Mtu mzima, mwenye wajukuu, namlilia ndege wa kuchorwa.

Mama yangu alikuwa mlangoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amekuja kutoka Kanja na kuku hai, nduma na ndizi, ili akae nami siku ambazo mke wangu yuko Kibirichia kununua viazi vya kuleta soko la Embu. Ana miaka sabini na tisa na hajawahi kukaa darasani. Ananiita baba, kwa sababu nilipewa jina la baba mkwe wake, kwa hiyo hata akinigombeza hunigombeza kwa heshima.

"Hiyo kazi umepewa na nani, baba?" akauliza.

"Hospitali."

"Na usipoimaliza?"

"Sirudi kazini, mama. Ndiyo basi."

Alitoa jiwe moja kwenye maharagwe akalitupa nje.

Nilikuwa nimeamriwa nilale kila mchana baada ya chakula, na katika usingizi ule ndipo mambo mazuri yalipoanza. Niliota mashamba. Niliota viazi vya Kibirichia vikiwa vimetoa maua, meupe na ya zambarau, ukungu wa mlima ukiteremka juu yake kama maziwa yanayofurika sufuria, na kutoka kwenye maua ndege wakiruka. Kila mmoja aliporuka, kengele ililia. Sikuwa nawahesabu. Nilikuwa nimesimama tu kwenye mtaro, miguu mitupu, udongo baridi, na kengele zikilia moja baada ya nyingine, bila kukosea. Niliamka nimetulia, nimejaa furaha isiyo na sababu, sura yangu ikiwa na alama za mto. Mama alikuwa jikoni akichochea uji. Kompyuta ilikuwa imefungwa mezani.

Na alama zikaanza kupanda. Binti wa kliniki alinipigia simu.

"Mzee, aki umenishangaza. Memory ya picha imeenda juu sana. Unafanya nini huko?"

"Nalala," nikamwambia.

Akacheka. Mimi sikuwa natania. Nilikuwa nimeshaunda maelezo yangu: kwamba asubuhi naupa ubongo kazi, nao unaikamilisha mchana nikiwa nimelala, na zile kengele ni sauti ya kupona. Nilifurahi sana na maelezo haya. Nilimweleza mke wangu usiku huo aliporudi, na yeye ambaye siku zote husema kitu kilivyo, akavua buti zenye udongo akanitazama.

"Kama kichwa inafanya kazi ukilala, mbona jana umeweka kiatu kwa friji?"

Nikamwambia hiyo ni bahati mbaya. Alama zilikuwa hapo, zimetoka kwenye mashine, na mashine haina sababu ya kunipendelea. Niliziamini kuliko nilivyoamini kiatu. Ni zoezi la maneno tu lililobaki chini kabisa, lakini binti alisema hayo huchelewa, yatafuata. Wiki za mazoezi zilipokwisha aliniuliza maswali machache kwa simu, nikayajibu, maana yalikuwa mafupi. Barua ikaja. Ningeanza kazi Jumatatu.

Jumatano kabla ya Jumatatu hiyo, fundi wa madirisha ng'ambo ya barabara aliwasha mashine ya kukata chuma nikiwa katikati ya usingizi wangu. Niliamka. Lakini kengele haikunyamaza. Nilikuwa nimefungua macho, naona dari, naona koti langu kwenye msumari, na kengele bado inalia, moja, nyingine, nyingine. Nilidhani nimerukwa na akili kabisa sasa. Niliifuata sauti sebuleni nikishika ukuta.

Mama alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, miwani yake imefungwa kwa uzi, ungo wa maharagwe ubavuni. Ndege alitokea kwenye shamba la kijani. Mama akachukua haragwe, akaliweka juu ya kitambaa cha meza, pale pale alipokuwa ndege. Mwingine akatokea, haragwe jingine. Alipanga saba, kisha akaanza kugusa kioo kwa kidole kimoja, akifuata maharagwe kwa mpangilio, ulimi ukiwa umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Kengele saba. Akayakusanya maharagwe, akasubiri ndege wengine.

"Unafanya nini, mama?"

Hakushtuka hata kidogo. "Namalizia pale ulipoachia, baba."

Watu wa Kanja wataelewa mara moja. Kwetu tukilima pamoja, kila mtu hupewa kipande chake, wote mnaanza upande mmoja mnaelekea mwingine. Anayemaliza haendi kukaa kivulini. Anageuka, anaingia kwenye kipande cha aliyebaki nyuma, analima kutoka mwisho akirudi hadi majembe yao yakutane. Hakuna anayeomba ruhusa na hakuna anayeshukuru. Mama aliona mwanawe amekwama katikati ya kipande, naye ana mikono mizima. Akageuka akaingia.

Mimi ni wa Kanja pia, na nilielewa, lakini nilipandisha sauti.

"Hii si shamba, mama! Ni kichwa changu! Unalima kichwa cha mtu mwingine namna gani?"

Sikuwa nimewahi kumpigia mama kelele tangu nipate akili. Alianza kuokota maharagwe, moja moja, akiyarudisha kwenye ungo. "Nilifikiri ni kazi," akasema. "Walisema ni kazi, na inataka kumalizwa." Kisha akaingia jikoni. Usiku ule alikula kidogo, na alfajiri nikaona ameanza kukunja nguo zake za kurudi Kanja. Nilimwomba abaki. Sikumwomba msamaha, hilo liliningoja siku mbili, na naona aibu nikiliandika.

Barua ilikuwa kwenye droo. Hakuna aliyejua ila sisi wawili, na mmoja wetu hajui kusoma. Nitasema ukweli: nilifikiria kunyamaza. Niliwaza kwamba huenda nimepona hata hivyo, kwamba nikisimama pale mahali pangu, kati ya kizimba na meza ya hakimu, maneno yatarudi yenyewe kwa mazoea, kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani. Nilitamani sana iwe hivyo. Ijumaa nikavaa suti iliyokuwa imenilegea, nikatia barua mfukoni, nikaenda mahakamani kama mgeni, nikakaa benchi la nyuma kabisa kujipima.

Shahidi alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Mbeere. Ghala lake lilikuwa limeungua. Alizungumza kwa sauti ya chini, sawasawa, na nilifunga macho nikaanza kumtafsiri kimoyomoyo. Mwanzo ulikuja vizuri: jioni, mahindi, moshi, shemeji aliyepita na tochi. Halafu jua lililopita dirishani likanigusa goti, nikalihisi, na nikasikia tik tik yangu, na sauti ya yule mama ikawa kama maji ya mto unayosikia ukiwa ndani ya nyumba. Nilipomaliza, kichwani mwangu aliyewasha moto alikuwa mwanamke mwenyewe. Mwenzangu aliyeshika nafasi yangu akasimama akaeleza hakimu. Aliyewasha moto ni shemeji.

Nilitoka nje nikaketi kwenye ngazi. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kisu cha daktari. Siku ile ni mimi ambaye ningekufa. Jumatatu ningekuwa nimemtia mtu jela kwa mdomo wangu, kwa lugha safi, na kila mtu angeniamini.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kliniki na ile barua. Nilimwambia binti kwamba alama si zangu.

"Ni za nani?"

"Za mama yangu."

"Amesoma hadi wapi?"

"Hajasoma. Anatumia maharagwe."

Alicheka hadi akashika meza, kisha akaona uso wangu akaacha. Alisema tutaanza upya kutoka sifuri, na atanipima yeye mwenyewe, ana kwa ana. Ofisi iliandikiwa, likizo ikaongezwa, na nikaambiwa waziwazi kwamba hii ndiyo ya mwisho. Nilipokuwa naondoka akaniita. "Na huyo cucu, mama yako, asirudi kwao. Mimi namtaka kwa programu. Wewe shida yako ni maneno, si ndege. Ndege ufanye mwenyewe asubuhi. Jioni yeye aongee, wewe utafsiri. Kila siku sentensi iongezeke kidogo."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama kwenye kiti cha dirishani. Nilipiga magoti, jambo ambalo kifua changu hakikulipenda, nikamwomba msamaha. Aliniwekea mkono kichwani. Akauliza kama nimekula.

Basi tukaanzisha mahakama jikoni. Mama alikuwa shahidi. Mke wangu, siku ambazo hakuwa safarini, alikuwa hakimu, na alihukumu akimenya viazi. Kisu kikigonga ubao, mahakama imeketi. Hakimu anakielewa Kiembu kama anavyokielewa Kimeru chake, lakini ilikubaliwa kwamba hasikii neno mpaka mkalimani aseme. Tulianza na "kuku ametaga." Wiki ya pili tulikuwa tumefika "kuku ametaga chini ya gari la jirani na jirani anasema yai ni lake." Asubuhi nilihangaika na ndege wangu wanne, siku njema watano. Jioni nilipokea maneno. Mama hana vituo. Anaanza na mvua ya mwaka fulani, anapitia kwa mchungaji, na mara nyingi mimi niliachwa katikati, mikono mitupu.

"Mahakama haijaelewa," hakimu alisema. "Shahidi arudie."

Mama alirudia. Hakuchoka hata mara moja, na sikumwona tena akigusa kompyuta, ingawa nilimwona akiipangusa vumbi.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, sufuria iko motoni na dirisha lote limejaa mvuke. Mwanga ulikuwa wa manjano, mzito, wa aina ile inayokufanya usijue kama ni leo au ni zamani. Nilikuwa nimeketi katikati yao. Hakimu akagonga ubao. Mama akaangalia mikono yake, kisha akasema kwa Kiembu, kwa pumzi moja, na nikasikia kila neno likiingia na kukaa mahali pake.

Mkalimani hasemi "shahidi anasema kwamba." Husema "mimi." Anayapokea maneno ya mtu na kuyatoa kama yake, haongezi, hapunguzi. Kwa hiyo nilimgeukia mke wangu nikasema kwa Kiswahili:

"Mtoto wangu alipokuwa na miaka tisa koo lilimvimba hata mate yakamshinda, na ulikuwa wakati wa kuchuma kahawa, mimi nikamwambia angoje tumalize kuchuma, nikampa maji ya chumvi, koo likapona lenyewe na nikamshukuru Mungu, na mwaka huu daktari wa Nairobi akasema mbele yangu kwamba koo kama lile ndilo huja kuula moyo baadaye, kwa hiyo aliyemharibu moyo ni mimi, na wale ndege nilikuwa nawatafuta ili nimrudishie kitu."

Nilifika mwisho. Ilikuwa sentensi ndefu ya kwanza niliyoibeba nzima tangu nifunguliwe kifua, na hakuna niliyowahi kutamani kuisahau kama hiyo. Mke wangu alikuwa ameweka kisu chini. Viazi vilichemka. Tulisikia tik, tik, sote watatu.

"Umeyapata yote, baba?" mama akauliza, bila kuinua macho.

"Nimeyapata yote, mama."

Hapo ningenyamaza; ndivyo kiapo cha mkalimani kinavyotaka, na kwa miaka ishirini na sita sikuwahi kukivunja. Lakini nilimgeukia hakimu tena, nikaongeza neno ambalo shahidi hakulisema.

"Hana hatia," nikasema.